Picha za Kuondoa Matanga ya Cirimwami

Marguerite hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha shule ya msingi huko Mutakura, hata vita vilipowatawanya watoto na kurudisha nusu yao, na hakuna mzazi aliyewahi kumsikia akigomba. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka 2004, mbele ya meza ya Hamimu, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa karibu kugomba.

Alichokitafuta kilikuwa ndani ya kadi ya kamera, ndogo kama kipande cha biskuti: picha za siku walipoondoa matanga ya marehemu mumewe, Cirimwami. Wiki ile risasi ziliifunga barabara ya Gatumba, mama mkwe akashindwa kuvuka mpaka kutoka Uvira. Ukoo wa mume uliwakilishwa na mmoja tu, Byamungu, mdogo wa marehemu. Kwa desturi ya ukoo huo, mjane huvuliwa nguo nyeusi baada ya kunywa pombe ya ndizi katika chungu kimoja na ndugu wa mume. Asipokunywa, amejivua mwenyewe, kama mwanamke asiye na wakwe. Na ndivyo alivyosemwa sasa huko Uvira. Byamungu aliapa kwamba walikunywa pamoja, lakini nani angeamini kiapo cha Byamungu, anayeamkia chupa kabla ya kuamkia watu?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kosa lilianzia kwake. Siku ile ile ya kuondoa matanga alimkuta Léonce, mpiga picha, akiwaonyesha watu kwenye kioo cha kamera picha ya Byamungu amelala mdomo wazi, ameegemea chungu. Akamwamuru aifute papo hapo. Léonce, aliyezoea kamera za filamu na mgeni wa hizi za kadi, akabonyeza harakaharaka ili kumridhisha mwalimu wake wa zamani. Picha zikafutika zote.

Hamimu aliuliza swali moja tu.

"Mama, tangu zifutwe, kuna mutu alipiga ingine ndani ya hii kadi?"

Léonce, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. Alikiri kwamba kesho yake alipiga ubatizo, maana kadi ilikuwa na nafasi.

"Basi ubatizo umekalia matanga," Hamimu akasema, maana picha mpya huandikwa juu ya zile zilizofutwa.

Kompyuta ikasaga, umeme ukakatika, wakaanza upya. Ukakatika tena. Kuelekea adhuhuri zikatoka picha tisa. Ile ya chungu na mirija miwili ilikuwa kijivu kuanzia begani mwa Marguerite; ungedhani anakunywa peke yake. Nyingine zilikuwa za majirani na masufuria. Byamungu alionekana katika moja tu, ile ile ya kulala mdomo wazi, nzima, kila jino mahali pake, mrija ungali mkononi, na nyuma yake Marguerite akivuliwa kitambaa cheusi.

Marguerite akaifunika skrini kwa kiganja. Amvue nguo shemeji yake ili yeye asitirike? Alikataa. Hamimu akamwambia hakuna nyingine, akakataa tena. Mwishowe, akiwa amechoka kukataa, alimtuma Léonce amwite Byamungu mwenyewe.

Byamungu alifika akinuka sabuni, akaitazama picha.

"Peleka hii, shemeji. Mama ananijua. Ukimuonyesha mi nimekaa wima, atasema ni mutu mwingine."

Hamimu alicheka. Marguerite hakucheka. Aliagiza nakala moja, kwenye karatasi ndogo kuliko zote, kisha akamtaka Byamungu aandike nyuma ya picha, kwa mkono wake, jina, tarehe, na kwamba walikunywa chungu kimoja. Akasimama nyuma ya kiti chake, akimsahihisha herufi moja moja.