Kahesabu Matangi

Penseli ikibiringika mezani, hunirudisha Jeddah, kwenye fleti yetu ya Al-Nuzha, na miguu huniwasha hata leo.

Wazazi wenzangu mnaofundisha watoto nyumbani huniuliza ratiba. Ninayo, ya rangi tatu, imebandikwa jikoni na haifuatwi. Ninaloweza kuwaambia kwa uhakika ni habari ya meza ile.

Mwaka ule baba, karani bandarini, alikuwa anahama kafili, yaani mdhamini wake wa kazi. Ikama zetu, vibali vya ukaazi, zikakwama, na bila ya ikama skuli hainipokei. Waliahidi kunitahini karatasi zikitoka: nikipasi, darasa la tano na wenzangu, nikishindwa, nikakae na watoto wa la tatu. Nami nilikuwa mrefu kama mlingoti. Wazo hilo liliniharibia hata chakula.

Basi mama akawa mwalimu. Kila asubuhi, harufu ya mkate wa ufuta ingali jikoni, tulikaa tukitazamana. Nje basi la skuli liliwapigia honi watoto wengine. Meza ikitikisika, penseli ikianguka, mama akiniokotea.

"Salma, miguu hiyo! Umekalia misumari? Yalla, panda juu ya paa kahesabu matangi ya maji, kisha ushuke."

Nikiuliza matangi yana faida gani, alijibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Yalikuwa tisa. Jana tisa, leo tisa, na sakafu ya juu inaunguza nyayo. Lakini nikishuka, somo lililokuwa limekwama lilikuwa limenyooka, na mama analieleza bila kusita. Niliamini kweli kwamba matangi yanafungua akili.

Siku tuliyofika robo tatu kutoa theluthi mbili, nilitumwa tena. Sikupanda. Nilikaa ngazini kidogo, nikarudi na tisa yangu mdomoni. Mama alikuwa jikoni, kitabu changu kiko juu ya friji, simu imewekwa spika. Aliyekuwa akizungumza ni Rispa, Mkenya aliyewahi kufanya kazi fleti ya chini yetu kabla hajapata kazi kwa familia nyingine Riyadh. Kwao alikuwa mwalimu wa msingi. Upande wake sahani zilisikika zikigongana.

"Mama Salma, usipanic. Tafuta LCM ya nne na tatu. Ni ngapi?"

"Kumi na mbili," mama akanong'ona. "Kisha?"

"Kisha... ngoja, madam ananiita."

Simu ikakatika.

"Kumbe hujui!" nilisema, tena kwa ushindi, Mungu anisamehe. Sikujua kwamba mama aliishia darasa la nne. Alikifunga kitabu, akakifungua tena.

"Sijui," akasema. "Halas, leta kiti. Tutafute wote hiyo kumi na mbili inakwenda wapi."

Ilituchukua mpaka adhana ya adhuhuri. Tulipopata moja ya kumi na mbili, mama alilizungushia jibu duara mara tatu, karatasi ikachanika.

Mtihani nilipasi. Rispa alipopigiwa simu alipiga vigelegele, kisha akavikata ghafla, nadhani madam alikuwa karibu. Tangu siku ile ya jikoni sikutumwa tena juu. Nilisoma nimekunja miguu kitini, nikijikaza, na bado penseli ilianguka. Nikalaumu kiyoyozi.

Juzi binti yangu aliniletea swali la hesabu nisilolijua. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtuma nje akahesabu magari. Penseli ikabiringika ikaanguka.

"Tuliza miguu!" nikamkemea.

Akanitazama. Alikuwa amekaa kitini, miguu ameikunja chini yake.

"Mama, ni wewe."

Niliweka mkono gotini, nikalikuta linatetemeka. Miaka yote hiyo nimebeba sifa ya mtoto asiyetulia, na nusu yake haikuwa yangu, ilikuwa ya mama. Nilimwonea huruma.

"Swali hili silijui, mwanangu," nikasema. "Sogeza kiti."