Siku Bunduki ya Baba Ilipotiwa Bei

Bunduki ya baba yangu haikuwa na sura. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana niliishi nayo nyumba moja tangu kuzaliwa mpaka kuolewa, na hata baada ya kuolewa, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyehamia kwetu. Ilikuwa bunduki ya komeo, ile ya kuinua na kuvuta nyuma kwa mkono kila utakapo kutia risasi, na tangu ilipotoka dukani ilikuwa ya bei ya chini, ya mtu anayetaka kitu cha kufyatua na si cha kujionea fahari. Kitako kilipasuka zamani, baba akakifunga kwa waya wa shaba. Rangi ya chuma ilikuwa imekwisha kila alipozoea kupashika. Wageni walikuwa wakiicheka, naye akicheka nao.

Shamba letu lilikuwa nyuma ya Msambweni, kule ardhi inakoanza kupanda kuelekea milimani, na nguruwe mwitu walikuwa wakilijua kuliko sisi wenyewe. Nyama yao sisi hatuli, na mihogo yetu wao wanaila. Haki iko wapi hapo? Miaka ile ya hamsini, miaka ya hali ya hatari, serikali ilikuwa haitaki hata kusikia kwamba Mwafrika ana bunduki. Baba alipewa kibali kwa ajili ya nguruwe hao tu, tena baada ya mudiri, mkubwa wa serikali wa upande wetu, kumdhamini.

Alikuwa na desturi moja. Kila akirudi kutoka shambani, hakuvuka kizingiti na bunduki yenye risasi. Alisimama mlangoni, akainua komeo polepole mpaka likalia, akavuta, risasi ikatoka, akalirudisha. Ka, krr, ka. Mama akisikia hivyo kule jikoni alisema, "Ameingia," akaanza kupakua. Hodi haikuhitajika. Sisi nasi tulikwenda kunawa mikono.

Baba alipofariki, bunduki ilichukuliwa ikawekwa bomani Kwale, kwa kuwa kibali hufa na mwenyewe. Kisha ikaja habari ya mirathi. Shamba hugawika, minazi hugawika, mbuzi nao huyu hupewa wake na yule wake. Lakini bunduki huwezi kumpa mmoja mtutu na mwingine kitako. Lazima itiwe bei. Fungu la mama lilikuwa moja katika nane, na alichokitaka ni kitu kimoja: bei ikiwa ndogo, aichukue bunduki ndani ya fungu lake, aishike mume wangu, ambaye bomani walikuwa wamekwisha kumkubalia kibali. Bei ikipita fungu lake, itauzwa, na pesa zitagawiwa warithi wote. Na mnunuzi hakuwa mbali. Mzungu mmoja mwenye shamba Diani alikuwa amekwisha kumletea salamu kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa na hakuwa na shida yoyote na nguruwe. Walikuwapo pia wadogo zangu wawili, wasichana hata kuvunja ungo bado, na haki yao ilikuwa humo humo.

Mimi kila nikisujudu nilikuwa naomba bei iwe ndogo.

Siku ikafika. Askari aliileta bunduki kutoka Kwale, akakaa nayo barazani kwetu bila kuiondolea macho, hata chai alikunywa akiitazama. Mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye ndiye aliyekuwa akigawa mirathi, alikaa pembeni yake. Kaka akaja na fundi wa bunduki kutoka Mombasa. Mama alikuwa ndani ya eda, haonekani na wanaume wa nje, kwa hiyo alikaa chumbani nyuma ya pazia la mlango, nami ubavuni mwake.

Fundi yule nilimpenda, sitaki kumsingizia. Alikuwa mtu mzima, wa mikono misafi, na aliipokea bunduki ile mbaya kwa adabu kama mtu aliyepewa kushika mtoto wa watu. Nilikuwa nikichungulia penye upenyo wa pazia. Alipapasa ufa wa kitako, akautia ukucha. Alichukua risasi akaichomeka mdomoni mwa mtutu kuona inazama kiasi gani, maana mtutu uliochoka hupanuka mdomo. Hapo hakuona kasoro. Akainua komeo, akavuta, likakwama nusu ya njia.

"Komeo limechakaa," alisema.

Mama akatikisika. Nikamshika mkono.

Fundi akalichomoa komeo lote, akauelekeza mtutu penye mwanga, akachungulia kwa nyuma. Akachungulia tena, akatikisa kichwa. "Ndani ni kweusi, tena kuna mabaka. Kutu imeula mtutu huu. Kwa haki ya Mungu, hapa nawatilia bei ya chuma na mbao."

Akaitaja bei. Lo! Kaka aliinamisha uso. Mimi nilitaka kupiga kigelegele, nikajiuma ulimi. Kwa bei ile mama angeichukua bunduki na bado angebakiwa na minazi.

"Warithi mmeridhika?" aliuliza mwalimu.

Kaka akasema ameridhika, atafanyaje.

Mama akaninong'oneza, "Mwambie fundi ile si kutu. Ni grisi."

"Simwambii."

"Mwambie. Baba yako alikuwa akiujaza grisi kwa sababu ya chumvi ya huku pwani. Imekaa bomani, imeshika vumbi, imeganda."

"Mama, nyamaza, nakusihi. Bei wametia wenyewe, si wewe." Nikamfinya mkono, na nilimfinya kwa nguvu.

Alinitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Wadogo zako ni mayatima," alisema. "Unataka niile haki yao, nami najua?"

Kisha akaipaza sauti kutoka nyuma ya pazia, "Fundi, uniwie radhi. Pitisha kitambaa chenye mafuta ya taa humo mtutuni. Na komeo, umelivuta kabla halijalia. Liinue mpaka lilie, ndipo uvute."

Wote barazani waligeukia pazia. Hata askari aliweka kikombe chini.

"Mama, umeniona wapi nawe uko ndani?" fundi aliuliza.

"Sikukuona. Nimelisikia."

Alicheka kidogo, akatafuta kitambaa na ufito. Kitambaa kilitoka cheusi tititi. Akabadilisha, akapitisha tena na tena mpaka kikatoka kisafi. Akachungulia, akakawia humo. "Mashallah," alisema. "Unang'aa mpaka mwisho." Akalirudisha komeo mahali pake, akainua mpaka likalia, akavuta, likaja lote bila kukwama. Akasema kwamba sura haina, na kitako ni kibovu, lakini aliyeitunza hivi alikuwa mtu, na wenye bunduki za fahari wengi wangetamani mtutu ule. Akaifuta bei yake ya kwanza, akataja nyingine. Ililipita mbali fungu la mama.

"Basi iuzwe," mama alisema. "Kila mtu apewe chake."

Nilimchukia saa ile. Wallahi nilimchukia, na mpaka leo sijamwona mtu ninayemstahi kama yeye. Alitakiwa anyamaze tu, na kunyamaza hakungemgharimu chochote. Msimu uliofuata tuliilinda mihogo kwa kupiga madebe na makelele, nguruwe wakala walivyotaka, naye hakunung'unika hata siku moja.

Askari alipoinuka kuichukua bunduki, mama alimwita kaka. "Mwanangu, kabla hawajaondoka nayo. Simama nayo mlangoni uifungue, kama alivyokuwa akifanya baba yako."

Kaka aliomba ruhusa kwa macho, askari akampa. Akaja akasimama penye kizingiti. Nilidhani atalivuta harakaharaka yaishe, lakini aliliinua komeo polepole mpaka likalia, akavuta, akalirudisha. Ka, krr, ka.

Tangu msiba ule mama alikuwa hajalia mbele yetu.

"Ameingia," alisema, akajifunika uso kwa upindo wa kanga.

Nje nilisikia askari akiaga. Mimi nilikuwa nimeushika mkono wa mama, napasugua pale nilipomfinya.