Siku Niliyomgusa Baba Mkwe

Nilipoolewa upande wa Silibwet, mama mkwe alinikalisha chini akanipa sheria moja kubwa: baba wa mume wako usimguse. Usimpe mkono, na mkikutana njiani, wewe ndiye wa kutoka njia. Nikazoea. Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake kwenye nyumba yake, juu kidogo ya yetu, na chakula chake nikawa nampelekea kwa mikono ya watoto. Akitaka chumvi, anamwambia mtoto, "Mwambie mama yako." Na mimi niko papo hapo mlangoni nasikia! Ilikuwa miaka ya tisini, si zamani za mababu, lakini kwetu ndivyo tulivyoishi.

Siku moja, watoto wakiwa shule, nilirudi kutoka kuchuna chai saa sita hivi nikakuta ng'ombe wa mzee analia vibaya. Hakuwa amepewa chochote. Nikaudhika. Huyu mzee siku hizi anasahau hata ng'ombe, nikasema, nikachukua panga na wilbaro nikaenda kukata nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, mwenyewe.

Nikamkuta humo ndani ya nepia, amelala kwenye matope, midomo inatetemeka, mguu mmoja umefura.

"Uui, Baba!" Nikaruka kumshika. Akauvuta mkono wake kama aliyeungua.

"Aitwe mwanaume," aliyaambia majani, maana hata hapo hakutaka kunitazama.

Mwanaume gani? Mume wangu na wanaume wote wa pale walikuwa kwenye kituo cha kupimia chai wakingojea lori ya kiwanda, na vile barabara ilikuwa imeharibika, lori ingefika jioni ama isifike. Nikapiga nduru mara tatu. Hakuna aliyejibu, na mvua ikaanza. Nilisimama pale na panga yangu nikiogopa vitu viwili: kulaaniwa, na huyu mtu kunifia hivi hivi nikimwangalia.

"Baba, umeanguka saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla hujaenda chai."

Njia ya kwenda chai inapita kando ya nepia hiyo. Nilikuwa nimepita hapo nikienda, nikapita tena nikirudi, na mara zote mbili nilikuwa naimba.

"Na hukuniita?"

"Nilikuwa nangojea mwanaume apite."

Ghadhabu iliyonipanda siku hiyo sijaipata tena maishani. Nikamwambia, "Basi leo utanisamehe ama utanilaani, lakini mimi sitamwonyesha mwanao maiti." Nikamwinua, nikampakia kwenye wilbaro. Mtu niliyemwogopa miaka kumi na moja, kumbe hata gunia la viazi lilimshinda uzito.

Nikamfikisha kitandani. Suruali ilikuwa imelowa, na haikuwa mvua peke yake. Nikasema itoke.

"Ngoja mwanangu arudi."

"Atarudi jioni. Utangoja na baridi hii?"

Akavuta blanketi, akajifunika uso.

"Fanya haraka," akasema.

Nikapasha maji, nikamwosha. Nilikuwa nalia kwa hasira, na yeye huko chini ya blanketi akawa ananiambia pole, mama, pole, kana kwamba mimi ndiye niliyeanguka.