Kilti ya Sufu Mkunazini

Siku Mjaka alipomtia machoni Mzee Ubwa kwa mara ya mwanzo, alimwaga beseni zima la wanga. Mjaka ni mfua kofia wa Mkunazini. Huzifua kofia za kiua, zile za kudariziwa kwa mkono, akazitia wanga, akazivika kwenye kibao mpaka zikauke na kusimama. Alikuwa ameinama mlangoni pake aliposikia watoto wanapiga kelele, "Mzee kavaa sketi ya skuli! Mzee kavaa sketi ya skuli!"

Akanyanyua kichwa. Kilichomjia mbele ya macho ni miguu miwili ndani ya soksi nene za rangi ya maziwa, zimepanda mpaka chini ya magoti na kukunjwa vizuri. Juu yake nguo ya sufu, mpya, ya miraba ya kijani na buluu, mikunjo yake kwa nyuma imelaliana kama makuti yaliyoezekwa na fundi.

"Nifulie kofia hii," alisema mwenye miguu. "Na usinitazame hivyo, yakhe. Hii si sketi. Ni kilti, vazi la wanaume wa Uskochi."

Mjaka alitaka kutoa shikamoo, haikutoka. Ndivyo alivyo. Miaka karibu hamsini, skuli aliishia ya msingi, na mbele ya mgeni ulimi wake hugeuka jiwe. Akaipokea kofia kwa mikono miwili, basi.

Labda ndiyo maana Mzee Ubwa akampenda. Akaja tena kesho yake, na siku zilizofuata, hata kofia chafu asiwe nayo. Hakaribishiki. Akiwekewa kibao cha kukalia atakitazama tu, kisha asimame mlangoni akibadilisha mguu, huku akisimulia. Yeye Mtumbatu, mtu wa kisiwa cha Tumbatu. Aliondoka kijana na meli, akateremka Glasgo, akaoa huko, akaendesha mabasi mpaka akastaafu. Mkewe alipofariki akarudi Unguja, kwa dada yake, Bi Mashavu. Kilti aliinunua alipokuwa anafunga mizigo.

"Kule Glasgo, nyumbani kwangu, nlikuwa nashinda na kikoi," alisema. "Majirani wakinicheka. Kilti nilikuwa naiona dukani kila nikipita, najiambia, hiyo si yako. Sasa nimerudi, naivaa. Si kwa harusi wala sikukuu. Naivaa kwendea sokoni."

"Na joto?" Mjaka aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

"Joto lipo. Na soksi zinawasha kama upupu! Lakini nikizivua, miguu haijui iko wapi." Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Ninayo tikiti ya kurudi, Mjaka. Kabla ya Ramadhani ntaamua. Nikiweza kwenda sokoni Darajani na kurudi na kilti yangu kama mtu yeyote, bila ya kugeuzwa sinema, nakaa. Nisipoweza, nakwenda zangu."

Tangu siku hiyo Mjaka hakutulia. Watu waliokuja mlangoni pake wote walileta kofia na kuchukua kofia. Huyu alikuja kwa ajili yake. Kila asubuhi akawa anategea sikio kelele za watoto, kwani ndizo zilizomwambia kuwa mzee bado yupo.

Na mji haukumwonea huruma. Baraza ya jirani ilikuwa na wanywa kahawa wake, na mkubwa wao kwa maneno alikuwa Mansour, muuza vitambaa.

"Bi Ubwa, umeamkaje?" Mansour alimwita. "Leo mtandio umeusahau?"

"Na weye uliyevaa shuka, nani kakufunga? Mkeo?"

Baraza ikavunjika kwa kicheko, maana nusu yao walikuwa na vikoi viunoni. Mzee Ubwa alicheka nao, lakini Mjaka aliuona mkono wake ukipapasa mikunjo ya kilti, ukiilaza mahali ilipokwisha lala. Kisha akaondoka kwa miguu mpaka Mtoni, nje ya mji, akarudi soksi zimelowa jasho, akanywa maji wima, akaondoka tena.

Ikafika Ijumaa. Adhana ilikwisha adhiniwa, watu wanavua viatu, Mansour akasimama kwenye ngazi ya msikiti. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Sheikh, magoti yako yanachungulia kwenye pindo. Ukisujudu, nguo ikapanda nyuma, anayeswali nyuma yako aswali au afumbe macho? Mwanamume husitiri kitovu mpaka magoti, hilo umelisahau huko?"

Mzee Ubwa alitazama chini, kisha akatazama njia ya kurudi. Viatu akavichukua mkononi.

Mjaka, aliyekuwa akivua viatu nyuma yake, alijua: akiondoka hapa, ameondoka Unguja. Angeweza kusema neno, ila watu walikuwa wengi na ulimi ulikuwa umekwisha geuka jiwe. Akakimbia dukani kwake, akachomoa kikoi chake safi kwenye kamba ya juu, akarudi akiwapenya watu, akamfunga mzee kikoi juu ya kilti. Sufu ikatuna chini yake. Mzee akawa kama mtungi uliovishwa kanga.

Wa kwanza kucheka alikuwa mwenyewe. "Mansour," alisema, "sasa nimesitirika mara mbili. Weye je?"

Mansour akacheka mpaka akashika ukuta. Na walipotoka kuswali, alijisogeza barazani, akapiga mkono karibu na nguzo. "Njoo ukae, sheikh. Hapa ndipo pako."

Kupewa pahala barazani si jambo dogo. Mtu akishapewa, hata asipokuwapo hapakaliwi. Mjaka alifua kofia mchana ule akiimba kimoyomoyo.

Mji ukazoea. Watoto wakapata mengine ya kupigia kelele. Darajani wauza samaki wakamwita mzee kama wanavyowaita wengine wote, wakampunja kama wanavyowapunja wengine wote. Bi Mashavu akawa anaianika kilti kibarazani bila ya kuificha. Hata Mansour aliuliza kama inapatikana ya miraba myembamba.

Lakini Mzee Ubwa alikaa pale nguzoni kwa kikombe kimoja tu, kisha akanyanyuka. Kesho yake nusu kikombe. Akaenda Tumbatu kuzuru watu wake, akarudi kabla hawajamtandikia. Hata chakula alikula akizunguka uani, na dada yake akimfuata na sahani.

Asubuhi moja akaja na kilti na soksi zake kama kawaida, na Mjaka akadhani anakwenda sokoni. Halafu akaliona begi.

Kwa mara moja ulimi ukamtii. "Wamekukosea nini tena, mzee wangu? Nani? Nambie, nende nikaseme naye!"

"Hakuna aliyenikosea. Wangenikosea ningekaa, ili niwakomeshe." Alitazama barazani, ambako hakuna aliyegeuza shingo. "Nlidhani ni wao wasioniacha nikae, Mjaka. Kumbe wao wamekwisha nizoea, na mie bado sijazoea."

Mjaka akaifuta mikono wanga, akaanza kutafuta kufuli la duka. Mzee Ubwa akamshika bega, akamrudisha kitini.

"Usinisindikize," alisema. "Ukinisindikiza, ntarudi."