Dolazim, Nnakuja

Tik. Kikombe cha kahawa kikitua juu ya sinia ya shaba, kimejaa, hakijaguswa. Mpaka leo nausikia mlio ule.

Tulikuwa Matrah, Omani, mwaka wa tatu tangu tutoke Unguja. Mchumba wangu alikuwa Yugoslavia akisomea udaktari, kapelekwa kabla mambo hayajaharibika kwetu Unguja. Katika barua moja alinifunza kitenzi cha huko, cha kuja. Dolazim, nnakuja. Dolaziš, unakuja, hiyo š niitamke sh. Dolazi, anakuja. Akaandika: "Sisi anayekuja tunamtanguliza mbele ya neno, wao wanamfunga mkiani. Dolazimo, tunakuja, dolazite, mnakuja, dolaze, wanakuja. Shika hilo kwanza, mengine nnakuja kukufunza mwenyewe."

Basi mie nikalishika! Nikikanda unga, dolazim. Nikikoroga mchuzi, dolazi, dolazi. Mama akinicheka: "We mwalimu wa Kizungu cha baridi, wali unaungua!"

Alasiri moja akaja mama yake mchumba wangu. Yeye mzaliwa wa Nizwa, hukohuko Omani, Unguja alifika kwa kuolewa tu. Mama alikuwa jikoni anakata mkate wa kumimina, mie nikammiminia mgeni kahawa. Akaipokea, akaiweka chini. Tik.

Nilidhani anaona haya. Nikataka kumchangamsha.

"Mama, sikiliza nilivyohifadhi."

Nikamsomea yote sita, nikiyumba kama mtoto wa chuoni anayesoma Kurani. Akainamisha uso. Kahawa iko palepale.

"Kunywa, mama, inapoa."

"Nna haja, mwanangu."

"Haja yako ishapita! Hata ukitaka roho yangu. We kunywa tu."

Akainywa kwa mkupuo mmoja. "Mungu akulipe. Mwanangu kaoa kulekule. Nimekuja kuomba mumwachilie."

Mama akatoka na kisu chake mkononi. "Bibi we! Mtoto huyu hazijui desturi zenu!"

"Ningejuaje kama hajui?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Kwetu mgeni akiiacha kahawa ana ombi. Akiambiwa kunywa, keshapewa."

Sisi wa Unguja, kahawa kwetu ilikuwa kahawa. Mama angeweza kubisha, na wallahi alikuwa tayari. Akanitazama mimi kwanza. Nami nilikuwa namtazama yule mama wa watu, niliyemsomea "anakuja" kwa madaha yote yale, naye anajua.

"Nishasema, mama," nikamwambia mamangu. "Mwachieni."

Mama alipomsindikiza mgeni mlangoni, nikabaki na sinia. Desturi yao moja niliijua: ukitosheka unakitikisa kikombe, mtu asikuongeze. Nikajimiminia kahawa katika kikombe kilekile. Ilikuwa imepoa, chungu. Nikainywa yote, kisha nikakitikisa, huku na huku, na hapakuwa na mtu wa kukipokea.