Swali Nililouliza Mbele ya Mama Mkwe

Watu wa kwetu Kibingo wakitaka kumtia moyo mtoto wa shule, humwonyesha nyumba yetu. Nasema hivyo bila aibu. Ada ya chuo cha uuguzi niliipata kwa kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, stashahada yangu iko ukutani sebuleni, na darasani kwetu ni mimi peke yangu niliyevuka mpaka wa Murongo kwenda kujitolea katika hospitali ya wazazi nchini Uganda. Sasa nimerudi, nawazalisha akina mama wa wilaya yetu ya Kyerwa, na kazi yangu naijua. Lakini jambo ninaloringia zaidi nilifundishwa kule, siku ambayo nusura mama mmoja afie mikononi mwangu.

Nilikwenda likizo ya mwaka wa pili. Lugha haikunisumbua, maana Kinyambo chetu na lugha yao vinasikilizana. Wiki ya kwanza tu nilikuwa nataniana na wagonjwa kama niliyezaliwa pale. Mkunga mkuu, mama wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama, aliniita Mtanzania. Nikimaliza kazi haraka alisema nina mbio kama bodaboda wa mpakani, ipo siku nitamwacha abiria njiani. Nilicheka. Nilidhani ananisifu.

Asubuhi moja nilimhudumia binti aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, salama kabisa. Mama mkwe wake aliketi kando ya kitanda, chupa ya uji mapajani. Mzazi akishajifungua lazima akojoe, maana kibofu kikijaa huuzuia mji wa mimba kukaza, na damu haikati. Hilo nililijua, kwenye mtihani nililipata. Nikamuuliza kama amekojoa. Akaitikia kwa kichwa, macho chini. Nikaandika kwenye karatasi yake kwamba amekojoa, nikahamia kitanda kingine.

Haukupita muda, mama mkwe akaniita kwa sauti ndogo. Shuka lilikuwa jekundu hadi usawa wa magoti, na midomo ya binti imepauka. Nikaita msaada, nikaanza kulisugua tumbo. Mji wa mimba ulikuwa laini kama unga uliokandwa. Mkunga mkuu akaja mbio na miguu yake ile, akagusa chini ya kitovu, akaitazama karatasi yangu.

"Mtanzania, nani kakwambia amekojoa?"

"Yeye mwenyewe."

"Mbele ya nani?"

Niligeuka. Jibu lilikuwa limesimama pale, limeshika chupa ya uji. Mgeni wa kutoka mbali angesamehewa. Mimi nimekulia Kibingo, ambako binti aliyeolewa hataji haja ndogo mbele ya mama mkwe. Ataitikia chochote ilimradi swali lipite. Dada yangu alipoolewa alikuwa akisubiri mama mkwe aende shambani ndipo aende chooni. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, nikalisahau siku nilipovaa sare.

Mkunga alimtoa mama mkwe nje, akaingiza mpira wa mkojo, mfuko ukajaa upesi. Muuguzi mwenzetu akamchoma binti sindano na kutundika dripu. Mimi nilisugua tu, mpaka nikahisi tumbo likikaza chini ya kiganja, kidogo kidogo. Damu ikapungua, kisha ikakata. Nikaogopa kuondoa mkono.

Nilitegemea kufukuzwa. Mkunga alinipa kalamu, nikate kwa mstari mmoja nilichoandika, niandike kilichotokea na kutia sahihi. Kisha akanituma nikamnyweshe binti uji, huku yeye akimshikilia mama mkwe nje kwa mazungumzo ya bei ya maharage. Kikombe kilipoisha, binti akasema, "Nilitaka kukwambia. Lakini mama alikuwepo."

Siku hizi, mzazi akishajifungua, namwamkia mama mkwe shikamoo kwa adabu zote, halafu namwomba akapashe uji moto. Akishatoka ndipo nauliza. Wauguzi wapya walidhani napenda uji, mpaka nilipowaeleza. Wananisifu kwa akili hiyo, na sifa nazipokea, kisha nawaambia ilikotoka.

Kila nikipata likizo navuka Murongo na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kwa ajili ya yule mkunga. Hukipokea, akanikagua kuanzia viatu, akaniuliza kama bado nina mbio. Namjibu kwamba nimepunguza.