Nina Jambo

Miaka ile ya hamsini, sisi watu wa Voi tulimwita Mhindi kila mtu mwenye nywele za singa, awe na duka au asiwe nalo. Ndiyo maana ilinichukua muda kuelewa kwamba jirani yangu hakuwa Mhindi. Alikuwa Msinhala kutoka Seloni, kisiwa ambacho siku hizi kinaitwa Sri Lanka. Mumewe alikuwa karani wa simu pale stesheni, na nyumba yao ilitazamana na landi, zile nyumba za safu ambazo reli iliwapa wafanyakazi wake. Mume wangu kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni. Mimi nilikuwa mke mpya niliyeteremka kutoka kilima cha Sagalla, mwenye maneno mengi na kazi chache. Nikaenda kumsaidia yule mama kufua na kupika, na haukupita muda akanikataza kumwita memsaab. Nimwite akka, akasema, yaani dada mkubwa kwa lugha yao. Yeye akaniita nangi, mdogo wake.

Kila asubuhi akka alikaa mkekani mbele ya picha ya Buddha aliyoiweka juu ya rafu, akawasha taa ndogo ya mafuta, akatamka maneno ya lugha ya zamani ambayo hata kwao haisemwi sokoni. Nikamwuliza anaomba nini. Akasema haombi, anaahidi. Ahadi zilikuwa tano: asiue chenye uhai, asitwae asichopewa, asizini, asiseme uongo, asinywe kileo. Ile ya tatu alinieleza huku akitazama dari. Ya tano mume wangu aliipinga bila kuulizwa, maana kwetu harusi bila dengelua, ile pombe ya miwa, ni mkutano tu.

Mimi nimelelewa misheni. Amri kumi nilizijua kabla sijajua kufunga kanga vizuri. Nikamwambia akka kwamba hizo ni amri zetu, wao wamezichukua na nyingine zikawamwagikia njiani.

"Si amri," akasema. "Hakuna mtu ananiamuru. Mimi mwenyewe naahidi kujizuia."

"Na ukishindwa, nani anakuadhibu?"

"Kesho asubuhi naahidi tena."

Jibu hilo lilinikera siku nzima. Dini isiyo na kiboko niliiona kama mchezo wa watoto.

Basi nikawa namchunguza, nikitafuta mahali atakapoteleza. Sisimizi walipoingia jikoni, aliweka kopo la sukari ndani ya sahani ya maji, halafu akamwaga sukari kidogo nje ya mlango ili wale wageni wasirudi na njaa. Papa mkavu kutoka Mombasa alimla, na nilipomwuliza kama huyo papa alijiua mwenyewe, alicheka mpaka akajifuta macho, akaniambia yeye bado ni mwanafunzi. Siku moja tulikuta kifutu amelala kwenye kizingiti. Akka akataka tumfunike kwa debe, tumsukume taratibu, tumpeleke porini. Nilichukua jembe nikamuua, na sijutii mpaka leo. Yeye hakunigombeza. Alimfukia yule nyoka mwenyewe, kisha akaja tukamenya viazi.

Lililonichekesha zaidi ni ukwaju. Nyuma ya landi palikuwa na mkwaju, na msimu wake ukifika ukwaju ulitapakaa chini, watu wakaukanyaga. Akka aliupenda sana kwenye mchuzi, lakini haokoti.

"Ni wa nani?" akaniuliza.

"Ni wa Mungu, akka. Okota."

"Basi Mungu amenipa? Wewe umesikia?"

Ikabidi niuokote mimi, nimpe kwa mikono miwili, naye aupokee kama zawadi ya harusi. Nilimwona mpumbavu kidogo. Lakini nilianza kuona pia kwamba ile nyumba yake haikuwa na kufuli hata moja, na mimi mwenyewe sikuwahi kutoka mle na hata kipande cha sabuni ambacho hakikuwa changu. Si kwamba niliogopa. Sikutamani tu.

Sasa, uongo. Kiswahili alifundishwa na mimi, na mwalimu ndiye alaumiwe. Nilimfundisha kwamba mtu akisema hujambo, unajibu sijambo. Akataka maana ya kila kipande. Nikamweleza: jambo ni neno, ni shida, hujambo, huna shida? Sijambo, sina. Akafikiri.

"Na kama ninayo?"

"Hata kama unayo, sema sijambo kwanza. Ndiyo adabu."

Adabu hiyo ilimshinda. Siku ya pili sokoni, mama mmoja mwuza mboga kutoka milimani akamwamkia kwa furaha, "Hujambo mama?" Akka akamjibu kwa upole, "Nina jambo. Jino linauma." Yule mama aliweka mchicha chini akaangalia kulia na kushoto, hajui amfanyeje mtu wa namna hiyo. Soko zima lilicheka. Watoto wakamwita Mama Nina Jambo. Lakini baada ya muda nikaona wanawake wanapenda kusimama karibu naye. Walikuwa wanamwuliza hali, naye akisema ukweli wake mdogo, nao wanatoa wao, mmoja mume, mwingine mgongo, na mboga zinanyauka juani.

Mimi nilikuwa na jambo ambalo sikutaka kulitoa. Nilikuwa na mimba ya pili. Ya kwanza niliizaa mwaka uliotangulia kwa mama mkwe wangu, Sagalla. Uchungu ulinishinda nikazimia, na nilipozinduka niliambiwa mtoto alitoka hana pumzi, ameshazikwa. Sikumwona hata kidole. Niliapa kwamba huyu wa pili atazaliwa hospitalini Voi. Mama mkwe naye alishikilia kwamba watoto wa nyumba ile huzaliwa kilimani, na mume wangu, akiwa katikati ya mama na mke, aliona heri awe bubu. Mwishowe tulipatana: maadamu mimi ni mzima, nitabaki Voi. Nikiugua tu, mama mkwe atakuja kunichukua.

Mimba ilipokuwa kubwa, miguu ikavimba. Kwanza vifundo, halafu mpaka magoti. Kichwa kikawa kinagonga tangu alfajiri, na nikiinama nguo zikiwa mkononi, cheche zinaruka mbele ya macho. Hospitali sikwenda. Voi ilikuwa ndogo. Ukionekana kwenye foleni asubuhi, mchana habari imeshapanda kilima. Nilikuwa na hakika itapita, kwa sababu nilitaka ipite.

Akka alinisihi niende. Mimi nikamsihi yeye: mama mkwe akija akiuliza, mwambie sijambo. Neno moja tu. Hakuniahidi. Nilidhani amekubali, maana kwetu anayenyamaza amekubali.

Mama mkwe alikuja bila taarifa, ameteremka kwa miguu na kikapu cha mbaazi na ndizi. Alinikosa kwangu, akavuka kwenda kwa akka. Mimi nilikuwa mle mle, nimelala chumba cha ndani, miguu juu ya mto, na kati yetu kulikuwa na pazia tu.

"Hodi! Hujambo, mama?"

"Karibu mama. Leo sijambo."

"Na mke wa mwanangu, hajambo?"

Nilingoja. Sikusikia kitu. Enzi zile, mtu akikusalimu usimwitikie, ni afadhali umtukane.

"Mama, nimekuuliza. Mke wa mwanangu hajambo?"

"Ana jambo," akka akasema. "Miguu imevimba. Kichwa kinamuuma sana. Macho yanaona moto. Hataki wewe ujue."

Niliinuka nikatoka nikishika ukuta. Sikumtazama hata mama mkwe. Nilimwambia akka kwamba ameniuza, kwamba hizo ahadi zake tano anazipenda kuliko anavyonipenda mimi, na kwamba rafiki wa kweli angesema neno moja dogo la uongo, Mungu wake akamezea.

Akka alikuwa analia, lakini sauti yake haikutikisika.

"Ahadi ningeweza kuvunja, nangi. Kesho ningeahidi tena. Mimi sikusema kwa ajili ya ahadi. Nilisema kwa ajili ya miguu yako."

Mama mkwe aliinama, akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale. Akalitazama, akaketi kwenye kizingiti, kikapu bado kikiwa mkononi.

"Kilimani siendi, mama," nikasema. "Unibebe nikiwa maiti."

"Nani amesema kilimani?" akajibu kwa Kisagalla. "Huyu mgeni ameshindwa na uongo wa neno moja. Mimi wa kwangu nimeulea tangu mwaka jana. Yule mtoto alilia. Alikuwa msichana. Uliposhikwa na giza alitoka akalia, nikamfunga kwenye kanga yangu, akaishi mpaka jua likachomoza. Nilimshika hivi. Sikujua la kufanya. Nikaona ukijua alilia, utamsikia maisha yako yote, nikakuambia hakuwa na pumzi. Halafu nikakazana wa pili azaliwe kule kule, ili afute yale. Sasa nimeuona mguu huu, naogopa."

Nilikasirika sana. Na ndani ya hasira hiyo hiyo kulikuwa na furaha, nayo ilinishangaza: kumbe niliwahi kuzaa mtoto hai. Mwaka mzima nilikuwa nimejiona kaburi linalotembea, mwanamke ambaye kwake kitu hufa kabla ya kutoka. Kumbe sivyo.

Walinipeleka hospitalini wenyewe, mmoja kila upande, mwavuli wa akka ukitugonga vichwa sote. Daktari alinilaza, akaninyima chumvi, akanikataza kuinuka, na aliponiuliza kwa nini sikuja mapema mama mkwe alimjibu yeye, tena kwa ukali, kwamba nimekuja na hilo ndilo la maana. Nililala pale mpaka mwanangu akazaliwa. Alikuwa mdogo lakini mzima, mwenye hasira tangu dakika ya kwanza. Huyo ni wangu kabisa.

Akka alikuja kututazama amevaa nguo nyeupe, kwa maana ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku ambayo hali chakula baada ya adhuhuri na ahadi zake huongezeka. Nilimwambia nimemsamehe. Akaniambia hakuomba msamaha. Tukacheka, na mshono wa uzazi ukaniuma.

Alipoondoka, mama mkwe alibaki amempakata mtoto. Mtoto akalia, kwa kelele, wodi nzima ikageuka. Mama mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mtu asiyependa utani, mtu ambaye sijawahi kumwona akiimba nje ya ibada. Nikamwuliza yule mwingine alilia namna gani.

Hakujifanya kutoelewa. Aliangalia mlangoni kama nesi yuko karibu. Kisha akainama mpaka mdomo wake ukagusa sikio langu, akalia kwa sauti nyembamba, fupi, iliyokatika na kuanza tena.

Nikamshika mkono asiinuke.

"Tena, mama," nikamwambia.